Usinitumie Madesa, Niulize Maswali

Mpendwa Neema,

Habari za siku nyingi. Kabla hujanisema, najua: ujumbe wako wa kwanza nimekaa nao wiki saba, wa pili wiki tatu. Ningekuwa na kisingizio cha maana ningekitumia. Ulipotuma ile picha umevaa koti jeupe nilifurahi, nikawaonyesha watu wote nyumbani, halafu nikazima simu nikalala saa kumi jioni. Furaha ilikuwa ya kweli na kule kuzima simu kulikuwa kwa kweli, wala kimoja hakifuti kingine. Nisamehe.

Sasa nimekaa sawa. Narudia mtihani wa kugombea nafasi ya kusoma udaktari. Fomu nimejaza, ada nimelipa, imebaki miezi saba.

Nashukuru umesema utanitumia madesa yako yote, zile notisi zako za masomo, hata yale ya rangi rangi ambayo ulikuwa hutaki mtu ayaguse. Nakuandikia kukuomba usiyatume. Ngoja nikueleze kabla hujanuna.

Nilikosa kwa alama 11, hilo unalijua. Mama ndiye mfariji wangu mkuu: "Kumi na moja si kitu, mwanangu, ni maswali matatu tu." Na hesabu yake haina kosa. Swali moja nililokosea, kama ningelipata, lingenipa tano: nne za jibu sahihi, na ile moja wanayokata kwa kila jibu la kosa, ambayo nisingekatwa. Mara tatu, kumi na tano. Lakini faraja hiyo imekataa kunikaa. Mtihani wa kugombea nafasi hauna alama ya kufaulu inayokusubiri mahali pamoja, una foleni. Ndani ya hizo alama 11 tumebanana umati, na kila mmoja wetu ana mama anayemwambia ni maswali matatu tu.

Kwa hiyo wiki ya tatu baada ya matokeo nilivuta mitihani yangu ya majaribio kutoka chini ya kitanda, sita kwa jumla, nikaanza kuhesabu makosa. Sikusahihisha kitu. Nilihesabu tu na kuyatenga: nisilolijua kabisa, nililolijua likanitoka, na nililolijua nikalikosea kwa pupa. Yalikuwa makosa 214. Nisiyoyajua yalikuwa 61. Yaliyonitoka, 74. Ya pupa, 79. Nikahesabu upya kwa sababu sikuamini. Mwaka mzima nimelia kwamba silabasi ni ndefu, kumbe zaidi ya theluthi mbili ya makosa yangu yalikuwa kwenye mambo niliyokwisha kuyasoma!

Yale ya pupa yananiaibisha hadi leo. Swali linasema "yote haya ni kweli isipokuwa", mimi nachagua la kwanza lililo kweli na kusonga mbele. Mara nne katika karatasi moja. Halafu lile la gesi: ipo kwenye nyuzi 27 za Selsiasi, inapashwa moto hadi 54, mgandamizo haubadiliki, ujazo utakuwaje? Nikajaza "mara mbili" bila kalamu kusita. Kelvini nazijua, hata usingizini nazijua! Unaongeza 273 kwenye Selsiasi kwanza, kwa hiyo ni kutoka 300 hadi 327, ongezeko la asilimia 9. Aliyetunga lile swali alijua kabisa kwamba yupo mtu atakayeziona 27 na 54 akatabasamu, na lile jibu la "mara mbili" aliniwekea mimi.

Lakini kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu yeyote hapa nyumbani. Siku ya mtihani wenyewe niliacha maswali 19 bila kujibu. Niliogopa kukatwa. Katika hayo 19, kama kumi hivi nilikuwa nimeshaondoa majibu mawili, nimebaki na mawili ya kuchagua, nikaona bora niyaache salama. Salama ya nani? Juzi nilikaa na karatasi. Ukibahatisha gizani kwenye majibu manne, katika kila maswali manne utapata moja na kukosa matatu: unaingiza nne, unatoa tatu, unabaki na moja. Karibu na bure, ila si hasara. Ukishaondoa majibu mawili, mambo yanabadilika. Maswali kumi, tuseme unapata matano: ishirini zinaingia, tano zinatoka, unabaki na 15. Kumi na tano, Neema, nami nimekosa kwa kumi na moja. Najua wastani si ahadi, ningeweza kukosa manane na kupata mawili tu. Lakini sikushindwa na baiolojia pale. Nilishindwa na woga wa alama moja, na mwaka mzima wa masomo ya ziada hakuna aliyewahi kunipigia hesabu hiyo ubaoni. (Kile kituo sirudi. Ada yote mwanzoni, kisha mtu anasoma kilichoandikwa ukutani.)

Sasa nije kwenye madesa.

Lile fungu la kati, yale 74 yaliyonitoka, lilinisumbua kuliko yote, kwa sababu kila nikifungua desa nasema, "Aa, hili nalijua." Ateri ya mapafu inabeba damu isiyo na oksijeni ya kutosha, naam, nalijua. Nafunga. Siku mbili baadaye naulizwa, naanza kutafuta jibu darini. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2006, wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke. Waliwapa wanafunzi kifungu cha kujifunza. Baadhi wakakisoma tena na tena. Wengine walikisoma kwa kipindi kimoja tu, kisha wakawa wanafunika na kuandika wanachokikumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki wakaachwa nyuma: wao walikumbuka kama asilimia 40, na wale wa kuandika kutoka kichwani kama 61. Kilichonichoma ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Niliona kama nimepigwa picha bila kuambiwa. Mimi ndiye yule wa dakika tano. Usiku wa kuamkia mtihani nilijiona tayari kwa sababu nilikuwa nimetoka kusoma.

Ukinitumia madesa yako, nitayasoma. Ni mazuri mno, nitayasoma mara sita, nitasikia raha, nitasema hili nalijua. Ndiyo maana nakuomba ukae nayo wewe.

Ratiba yangu ya sasa haina maajabu. Asubuhi maswali kwanza, kabla ya kusoma chochote, hata kama nakosa nusu. Mchana napitia nilipokosea. Nina daftari moja la makosa, na kila kosa linarudi baada ya siku moja, siku tatu, wiki, kisha mwezi. Nikilipata mara zote nalipiga mstari. Jumamosi nafanya karatasi nzima, saa ileile ya mtihani, simu iko kwa mdogo wangu, ambaye amegeuka msimamizi mkali kuliko wale wa kweli. Usiku nalala. Mkesha niliujaribu mwaka jana, nikavuna kichwa kizito tu.

Fizikia bado inanitesa, nisikudanganye. Kemia imelegea kidogo. Na ule mzunguko wa Krebs, zile hatua za seli kupata nishati kutoka kwenye chakula, uliokuwa unatutoa jasho, umeanza kunikaa, na sababu yake itakuchekesha. Nilisoma kwamba Krebs mwenyewe, aliyeugundua, alipoupeleka kwenye jarida la sayansi la Nature mwaka 1937, walimrudishia, wakamwambia wana barua nyingi mno zinazosubiri kuchapishwa. Akaupeleka jarida lingine. Mwaka 1953 akapata Nobeli. Sisemi kwamba mimi ni Krebs. Ila sasa nikianza kuuchora, nikifika kwenye oksaloasetati, ile kemikali unapoanzia na kurudi, na kuona mduara umefunga, namwona yule bwana na bahasha yake iliyorudishwa, na mkono unaendelea wenyewe.

Shangazi wamepunguza kuuliza. Mmoja alinishauri nisome kitu kingine, "umri haurudi nyuma," nikamjibu kwa adabu, kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Nilichomwambia ni hiki: najipa mara hii moja, kwa njia hii nyingine. Nikikosa tena nitakaa chini na kufikiri upya. Wewe nakwambia zaidi ya hapo: nimejiandikia tarehe ya kufikiri huko, ili nisiifikirie kila usiku.

Ombi langu ndilo hili. Jumapili jioni, ukiwa huna zamu ya maabara wala kikundi cha kusoma, nipigie dakika ishirini. Fungua desa lolote, ukurasa wowote, uniulize. Usinipe majibu ya kuchagua. Usiniambie "unakaribia." Nikinyamaza, niache ninyamaze, najua unapenda kusaidia, lakini ule ukimya ndio ninaoutaka. Nikikosa, niambie nimekosa na uendelee. Nami nitaandika kwenye daftari.

Kama Jumapili hii unaweza, anza na moyo, maana huko kwenu mnausoma sasa hivi na mimi bado naichanganya milango yake. Na nikikurupuka kujibu kabla hujamaliza swali, kata simu.

Nimekukumbuka sana. Wasalimie wote huko.

Wako,
Asha