Mwanangu, kabla hujapanda milima ya Guatemala

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku Tanga sote wazima. Ratiba uliyonitumia nimeisoma mara mbili: siku nane, Antigua, Iximché, Chichicastenango, Ziwa Atitlán, kisha Quetzaltenango, mji ambao wenyeji huuita Xela kwa kifupi. Njia ni nzuri, ila muda umegawanywa vibaya. Mmepewa nusu siku ya maduka ya Antigua na dakika 40 tu kwa wafumaji wa San Juan La Laguna, kijiji cha kando ya Ziwa Atitlán. Mwombe kiongozi wa msafara ageuze hesabu hiyo. Urithi wa Wamaya wa milimani uko kwenye uzi na mahindi kuliko ulivyo kwenye mawe.

Tuanze na mwili, maana wewe ni mtu wa pwani. Antigua iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Chichicastenango inakaribia 2,000, na Xela ni 2,330, juu kuliko Nairobi. Mchana jua linachoma, usiku unatafuta blanketi la pili, na mwezi wa Desemba na Januari Xela hupata hata jalidi. Vaa nguo nyepesi mbili tatu juu ya nyingine, uwe unavua na kuvaa. Siku ya kwanza usipande mlima wowote. Mvua za kuanzia Mei hadi Oktoba hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo mambo ya nje yamalizeni asubuhi. Cheti cha homa ya manjano kiweke pamoja na pasipoti, hasa kama ndege yako inapitia Kenya au Ethiopia. Chanjo huhesabika baada ya siku 10, usiende kuchanja mkesha wa safari.

Kiongozi wa watalii awe na kitambulisho cha INGUAT, taasisi ya utalii ya Guatemala. Kisha muulize anazungumza lugha gani ya Kimaya. Nchi hiyo ina lugha za Kimaya zaidi ya 20, na njia yenu inapita kwa Wakaqchikel, Wak'iche' na Watz'utujil. Kiongozi mwenye Kihispania peke yake atawaeleza mambo aliyosimuliwa na mtu mwingine, na bibi kizee aliyeketi mbele yenu mwenye majibu yote atabaki kutabasamu. Muulize pia wafumaji wanalipwaje: kuna malipo ya kuwatembelea, au wanasubiri mnunue? Kamisheni za maduka zipo huko kama zilivyo Arusha. Akiwaharakisha kwa wafumaji akawapunguzia mwendo dukani, umeshajua.

Iximché msiipite mbio, lakini haihitaji siku nzima. Ulikuwa mji mkuu wa Wakaqchikel tangu miaka ya 1470 hivi, walipojitenga na Wak'iche'. Pedro de Alvarado, kamanda wa Kihispania, aliingia mwaka 1524 akiwa mshirika wao, akaanzisha hapo makao ya kwanza ya Wahispania, kisha akawadai dhahabu mpaka wakaasi. Nendeni hadi mwisho wa viwanja, nyuma ya mahekalu. Mtakuta majivu ya moto wa juzi, kwa sababu watu bado wanaomba pale. Rais Bush wa Marekani alipopatembelea Machi 2007, viongozi wa dini ya Kimaya walitangaza kupasafisha baada ya yeye kuondoka.

Soko la Chichicastenango ni Alhamisi na Jumapili. Mkiondoka Antigua asubuhi hiyohiyo, mtafika pamoja na mabasi yote ya watalii. Laleni huko usiku wa kuamkia soko. Jioni mtaona nguzo za vibanda zikifungwa kwa kamba na mizigo ikishushwa, na alfajiri mtakuta wanaonunua ni wenyeji, si wageni. Kanisa la Santo Tomás lina ngazi 18, ambazo wengi huzihusisha na miezi 18 ya siku 20 ya kalenda yao. Ngazi hizo ni mahali pa ibada. Usizipande, usikae juu yake kula. Wageni huingilia mlango wa pembeni, na ndani hakuna picha. Katika parokia hiyo, mwanzoni mwa karne ya 18, padri Francisco Ximénez alinakili Popol Vuh, kitabu kitakatifu cha Wak'iche', kwa Kik'iche' na kuitafsiri kwa Kihispania. Humo miungu wanajaribu kuumba mtu kwa udongo, analainika na kumomonyoka. Wanajaribu mti, anatoka mtu asiye na moyo. Mwisho wanapata unga wa mahindi ya njano na meupe, ndipo anatoka mtu kweli. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini mahindi hayarushwi ovyo huko.

Moshi utakaounusa pale ngazini ni wa pom, utomvu wa mti unaoitwa pia kopali. Neno kopali lenyewe ni la watu wa Mexico, na Wazungu wakalibandika hata kwenye sandarusi yetu iliyokuwa ikitoka Zanzibar kwa majahazi. Miti ni tofauti. Sandarusi ilikwenda kutengeneza vanishi. Pom ni ya kuombea.

Mkialikwa kwenye ibada ya moto, mwongozaji ni ajq'ij, mhesabu siku. Anachora duara kwa sukari, anapanga pom, mishumaa, ufuta na chokoleti: mshumaa mwekundu mashariki, mweusi magharibi, mweupe kaskazini, wa njano kusini, katikati wa buluu na wa kijani. Kisha anaziita siku. Majina ni 20, namba ni 1 hadi 13, na vyote vinasonga kwa pamoja. Namba ikifika 13 inarudi 1 huku majina yakiendelea, kwa hiyo jina na namba vilivyokutana leo havikutani tena mpaka siku 260 zipite. Akiziita zote kwa utaratibu, hesabu ni ndefu. Ukiona huwezi kusimama muda huo, usiingie; kuondoka katikati ni utovu wa adabu. Usitupe kitu motoni usichopewa.

Sasa uzi. Kitanda chao cha kufumia hakina fremu: ni vijiti, kamba na kiuno cha mwanamke. Kwanza mtande, yaani nyuzi za urefu, huzungushwa kwenye ubao wa vigingi, nyuzi zikipishana kama tarakimu 8. Pale zinapopishana ndipo kila uzi hushika zamu yake, na ndiyo maana hufunga kamba hapo kabla ya kuutoa mtande ubaoni. Kamba hiyo ikichomoka, kazi ya asubuhi nzima inageuka fundo. Uzi wa pamba huchovywa kwenye uji mwepesi wa mahindi ukaachwa ukauke, ili usitoe manyoya ukisuguana. Kisha mtande hufungwa kwenye vijiti viwili: cha juu kwenye nguzo au mti, cha chini kwenye mkanda unaozunguka kiuno cha mfumaji aliyepiga magoti.

Mtazame mgongo. Akiinama mbele kidogo mtande unalegea, na kijiti chenye vitanzi kinainua nusu ya nyuzi. Akirudi nyuma unakaza. Anachomeka ubao mwembamba kama upanga, anausimamisha kwa ubavu kufungua njia, anapitisha mshindio, yaani uzi wa kukatiza, kisha anauvuta ubao kwake kwa nguvu mara mbili tatu. Nakshi huingizwa kwa vidole, akihesabu nyuzi za mtande moja moja, bila mchoro mbele yake.

Watakupa ujaribu. Kosa la kila mgeni ni kuvuta mshindio. Kitambaa kinabana katikati kama kiuno cha nyigu, na nyuzi za pembeni zinasuguana mpaka zinakatika. Uache mshindio ulale mshazari kidogo ndipo uushindilie. Kosa la pili ni kuketi wima kama uko darasani: njia haifunguki vizuri, ubao unapita juu ya nyuzi ulizopaswa kuzipita chini, na utaligundua baada ya mistari mitano. Hapo hakuna ujanja, ni kufumua. Sehemu ngumu kabisa ni upana wa vidole vichache vya mwisho wa kitambaa, nafasi inapokwisha. Ubao hauingii tena, anabadili mwembamba zaidi, na mwisho anamalizia kwa sindano. Matokeo yake kitambaa kina kingo nne nzima, hakikupitiwa na mkasi popote.

Upana haupiti mahali mikono ya mfumaji inapofika. Kwa hiyo huipil, ile blauzi yao, mara nyingi huunganishwa vipande viwili au vitatu. Kipande kimoja kipana bila mshono hakikutoka kwenye kitanda cha kiunoni. Geuza upande wa ndani. Tarizi ya mashine ina uzi wa pili unaokimbia nyuma yote kwa rangi moja. Kama kanga inavyojulikana kwa pindo, mji na jina, huipil nayo hutaja kijiji cha mwenyewe, na ndiyo maana wafumaji walikwenda mahakamani kupinga nakala za viwandani. Mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ililihimiza Bunge litunge sheria ya kulinda michoro yao. Sketi ni habari nyingine: kitambaa chake hufumwa kwa kitanda cha kukanyaga kilichokuja na Wahispania, na wanaume wengi hufanya kazi hiyo. Mabaka ya jaspe unayoyaona humo, maarufu sana katika mji wa Salcajá, yalifungwa kwenye uzi kabla ya kutiwa rangi.

San Juan hutumia rangi za mimea, na nyekundu ya kidudu cha kochinili kinachoishi kwenye mpungate. Rangi hushikishwa kwa maji ya mgomba. Chukua leso nyeupe yenye unyevu usugue kona moja ya kitambaa kabla ya kulipa. Doa jepesi si neno. Leso ikigeuka zambarau, achana nacho.

Tortilla, zile chapati za mahindi, utakula mpaka uzizoee, kwa hiyo jua zinavyotoka. Kilo moja ya mahindi makavu, maji lita tatu, chokaa ya kula gramu 10 hivi. Huchemshwa nusu saa au zaidi, huachwa usiku kucha, asubuhi huoshwa ganda likatoka, ndipo hupelekwa kwenye mashine ya kusaga yakiwa mabichi. Chokaa ikizidi, donge linakuwa la njano na chungu. Ikipungua, ganda linang'ang'ania na tortilla inapasuka kingo. Chokaa hiyo pia hufungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya mahindi. Mahindi yalipotufikia Afrika yakitokea upande huo wa dunia, maarifa hayo hayakusafiri nayo, na penye ugali mtupu bila kitoweo ugonjwa wa pelagra ulijitokeza.

Ziwani vukeni asubuhi. Kuanzia adhuhuri huvuma upepo wa Xocomil, na boti inadunda. Kaa nyuma, mbele utaumia mgongo. Santiago Atitlán, mji wa kando ya ziwa, mtapelekwa kwa Maximón, sanamu ya mti iliyovishwa skafu, inayopewa sigara na pombe. Usikunje uso, uko nyumbani kwa watu. Nyumba inayomtunza hubadilika kila mwaka, kuna ada ya kuingia na ya picha, na chenji haipo, basi beba noti ndogo za quetzal. Mji huohuo, tarehe 2 Desemba 1990, askari waliwapiga risasi raia wasio na silaha, na wananchi wakalilazimisha jeshi liondoke. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilianza 1960 ikaisha 1996, na wengi wa waliouawa walikuwa Wamaya. Usiulize mtu familia yake ilikuwa upande gani. Akitaka atasema.

Watoto usiwapige picha wala kuwapapasa vichwa, hata wakicheka nawe. Mwaka 2000 huko Todos Santos Cuchumatán uvumi wa wezi wa watoto uliwaua mtalii na dereva wake. Watu wazima waombe kwanza. Waite don na doña, hiyo ndiyo shikamoo yao. Asante ni matyox kwa Wakaqchikel, maltyox kwa Wak'iche'. Neno indio lisitoke kinywani mwako, ni tusi.

Na mimi niletee kitambaa kimoja kidogo cha San Juan, cha kufunikia mkate. Kiwe na kingo zake nne, na usikubali muuzaji akushonee upindo.

Mama yako