Barua kwa Mama Neema kuhusu ukoo wa Washington

Mpendwa Mama Neema,

Salaam nyingi baada ya kimya hiki kirefu. Sisi hatujambo, na Bibi Zuhura sasa anatembea bila mkongojo. Habari za uchumba wa Neema nimezipata kwa Mwalimu Kijazi, nikafurahi mno. Lakini aliponiambia kwamba shemeji ameandaa hotuba ya kuwakaribisha wakwe, akina Washington wa Marekani, kama wajukuu wa George Washington, Rais wa kwanza wa nchi hiyo, nimeona nikuandikie mapema.

Rais yule, aliyefariki mwaka 1799, hakupata mtoto katika ndoa yake. Jina lenyewe ni la kijiji cha kaskazini mwa Uingereza, upande wa Durham. Katika daftari la mashamba na kodi lililoandikwa kwa amri ya askofu mwaka 1183, William wa Hertburn anatajwa kuwa ameshika Washington, isipokuwa kanisa na ardhi yake, baada ya kuiacha Hertburn, makao yake ya zamani. Kizazi chake kikaitwa kwa jina la makao mapya. Mwaka 1539 mmoja wa ukoo huo, Lawrence, mfanyabiashara wa sufu, alinunua Sulgrave, ardhi ambayo Mfalme Henry wa Nane alikuwa ameitwaa kutoka kwa watawa. John, mtoto wa kasisi aliyefukuzwa parokiani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, ndiye aliyevuka bahari kwenda Virginia katika miaka ya 1650, na Rais ni kitukuu chake.

Linaloniuma, rafiki yangu, ni yaliyofuata. Rais alipofariki, katika mashamba yake ya Mount Vernon walikuwamo watumwa zaidi ya 300. Mmoja wa waliowahi kutumikishwa pale, Harry, mzaliwa wa Afrika Magharibi, alitoroka mwaka 1776 akajiunga na Waingereza, na mwaka 1792 akafika Sierra Leone, akiwa bado Harry Washington. Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri Mweusi aliyezaliwa utumwani Virginia mwaka 1856, alisimulia mwenyewe kwamba siku ya kwanza shuleni aliwasikia wenzake wakiitwa kwa majina mawili, na zamu yake ilipofika akajibu kwa utulivu: “Booker Washington.” Baba yake wa kambo aliitwa Washington kwa jina la kwanza, lakini hakuna bwana aliyempa mtoto yule jina hilo, alilitwaa mwenyewe. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, wako walioandikishwa kwa majina ya mabwana wao wa zamani, na wako waliojichagulia mengine kabisa. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2000, kati ya watu zaidi ya 160,000 wenye jina hili, takriban asilimia 90 walikuwa Weusi. Jina hili leo ni lao, na heshima yake wameijenga wao.

Kwa hiyo nakusihi umwombe shemeji aifute sentensi ile, na pia asiwaulize wakwe mbele ya wageni ni bwana gani aliyewamiliki wazee wao. Wakitaka kusimulia, watasimulia.

Je, kijana amekwambia wazee wake walitoka jimbo gani? Wanayo Biblia ya familia iliyoandikwa majina ya waliozaliwa? Yupo bibi aliye hai wa kuulizwa faraghani? Na shemeji unadhani atanisikiliza, au nije mwenyewe kabla ya kikao cha mahari?

Nisalimie Neema na wote nyumbani.

Rafiki yako,
Mama Hamisi