Chambo cha raba kwa blakibasi wa Naivasha

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa hawa wageni wa wikendi wanaokuja Naivasha kuvua samaki aitwaye blakibasi, maana mimi nawabeba kwa boti na kila Jumamosi naona yale yale. Mtu ana paketi nzima ya minyoo ya raba, ya pinki, ya njano, imenunuliwa kwa sababu inang'aa, halafu anaichoma kwenye ndoana ikiwa ncha iko nje kabisa, anarusha kando ya mafunjo, mara moja tu imenasa kwa magugu maji, anavuta kwa hasira, mshipi unakatika na raba inabaki ziwani.

Huyu samaki aliletwa kutoka Marekani miaka ya 1920, na wale kamba wekundu wa maji baridi wa Louisiana wakaletwa hapa 1970. Ukimpasua tumbo mara nyingi utapata makucha yao. Kwa hivyo anza na raba ya rangi ya kamba hao, kahawia au nyekundu iliyoiva, siku maji yakiwa safi hata kijani inakubali. Mvua ikinyesha maji yakawa kama chai ya maziwa, chukua nyeusi, yaani samaki aone kivuli cha chambo tu inatosha.

Sasa kufunga. Pitisha mshipi kwenye chubwi, ule uzito wa kuzamisha chambo, lenye umbo la risasi, gramu 7 hivi, ncha nyembamba iangalie juu, ndio ufunge ndoana yenye shingo iliyokunjwa. Choma kichwa cha mnyoo kama nusu sentimita, toboa kando, vuta mpaka shingo ifichike, geuza ndoana. Hapo usiharakishe, laza mnyoo kando ya ndoana uone mkunjo wa chini wa ndoana unafika wapi, ndio uchome hapo hapo, ncha ilale chini tu ya ngozi. Mnyoo lazima unyooke kabisa kama umepigwa rula, ukijikunja hata kidogo utazunguka majini na mshipi wote utasokoteka. Ukifunga hivyo unapita katikati ya magugu bila kunasa, na huko ndiko blakibasi anajificha akingoja windo. Ukisikia tok, usivute papo hapo, kaza mshipi kwanza halafu piga kwa nguvu, ndoana ina raba ya kutoboa kabla ifike mdomoni.

Jambo linaloniuma ni zile raba zilizochanika. Watu wanazitupa majini tu. Mwezi uliopita nilipasua samaki wa karibu kilo moja, amekonda mgongo, tumboni mna mnyoo wa raba umevimba mara mbili na kukauka kama kipande cha tairi. Chakula kingine hakikuwemo. Nchi hii tulipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, na hii nayo ni plastiki jamani, tena imetengenezwa ionekane kama chakula!

Kwenye boti yangu niko na mkebe wa maziwa ya unga, kila raba mbovu inaingia humo na tukifika ufuoni naihesabu mbele ya mgeni. Naomba wenzangu wa boti wafanye hivyo, na wenye maduka wanaouza hizi raba wamwonyeshe mnunuzi jinsi ya kuficha ncha kabla hajatoka dukani, ni kazi ya dakika mbili tu.

Mwendesha boti,
Naivasha