Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Tanga langu lina kosa gani?

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya vyombo vya majini,

Pokea salamu zangu, na hongera kwa safari ya mkutano wa mazingira, ambako nasikia uliizungumzia vizuri sana bahari safi. Mimi ni nahodha wa jahazi la shehena. Napakia bara, napakua Pemba. Barua zangu za kawaida ziligongwa mhuri wa kupokelewa ofisini kwako, basi. Ndiyo maana hii naiandika hadharani.

Juzi nimenyimwa kibali cha kuondoka. Pampu ya dizeli imekufa, kipuri bado hakijafika. Lakini tanga zima, foromali (mti unaobeba tanga) imara, demani (kamba ya kuongozea tanga) mpya, na kusi inapiga shetri, nyuma ya chombo, kutusukuma kule kule tuendako. Kijana wa ukaguzi akaniambia chombo "hakina nguvu ya mwendo". Upepo unampokonya karatasi mkononi, yeye bado anaitafuta nguvu ya mwendo! Nikaomba nione fomu. Ina mstari wa aina ya mashine, wa nguvu zake, wa namba yake. Tanga halina hata mstari mmoja.

Najua watu wamezama, na kila ajali ikitokea mnakaza kamba. Haya. Ila nadhani aliyeitunga fomu hiyo hajawahi kupanda jahazi, na wapo gatini wanaosema wauza mashine walitangulia kumwona.

Wenzetu wenye meli za chuma wanaurudia upepo, tena kwa kuulipia. Mwaka 2023 meli ya Pyxis Ocean, iliyokodiwa na kampuni ya Cargill, ilifungwa mabawa mawili magumu ya kukamata upepo, yenye urefu wa mita 37.5. Katika miezi sita ya majaribio ikaokoa wastani wa tani 3 za mafuta kwa siku. Tani, Mheshimiwa, sisi tunahesabu madumu. Na Waomani, ambao majahazi yao yalikuwa yakitufikia kwa kaskazi, wana Sohar Max, meli ya madini ya chuma yenye uwezo wa tani 400,000. Mwaka 2024 ilisimikwa minara mitano inayozunguka, kila mmoja mita 35. Mnara ukizunguka, upepo unakwenda mbio upande mmoja na kuzubaa upande wa pili, na tofauti hiyo ndiyo inayoisukuma meli. Si uganga: Mjerumani Anton Flettner aliutembeza ufundi huo baharini kwenye meli yake Buckau tangu miaka ya 1920.

Hakuna aliyeng'oa mashine kwenye meli hizo, wala mimi sing'oi yangu. Wakati wa maleleji, upepo ukikatika, mashine ndiyo inayotutoa kwenye mkondo. Lakini kwa bei hii ya dizeli, nikiunguza mafuta na kusi ipo, nauli yote inaishia tangini. Wewe mwenyewe ulituahidi, ulipokuja gatini kabla ya uchaguzi, kwamba majahazi yatalindwa. Ukapigwa picha umeshika demani. Uliishika kinyume, lakini tulikuheshimu tukanyamaza.

Nilipoanza kukuandikia nilitaka mengi: fomu ichapwe upya, tanga lihesabiwe, washonaji wa matanga wapewe mkopo kama wanavyopewa wanunuzi wa mashine. Bado nayataka. Ila vitunguu vimeanza kuota ndani ya magunia, mwenye mzigo ananipigia kila asubuhi, na mabaharia wanakula kwa deni langu. Leo naomba kibali tu. Nasikia suala langu limepelekwa kwenye kamati inayokaa mwisho wa mwezi; sijui kamati inajadili nini kuhusu vitunguu vilivyooza. Kibali, Mheshimiwa. Na jibu liwe la maandishi, tafadhali, si simu ya msaidizi wako.

Wako mtiifu (mpaka sasa),
Nahodha wa jahazi la shehena