Shoga yangu, kitabu kile nimekificha

Shangani, Mtwara

Shoga yangu,

Asalaam aleikum. Nimekaa kimya mno, najua umenuna, na haki yako. Nuna ukimaliza kusoma. Huku sote wazima. Mama Mkubwa mguu umempa nafuu, anashuka mwenyewe sokoni. Minada ya korosho imeanza, kwa hiyo kaka hakamatiki, kutwa yuko ghalani. Na yule bi harusi wetu wa Chikongola kajifungua, mtoto wa kike, mama na mwana salama. Ya kwake na mawifi zake nitakupa kwa simu, hayaandikiki.

Ninaloandikia ni mtoto wa kaka. Unajua kamaliza kidato cha sita na anataka kuomba vyuo vya Marekani. Kajiandikisha kufanya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya huko, anaufanyia Dar, Desemba. Baba yake kalipa ada bila kulalamika, na wewe kaka unamjua. Sasa juzi naingia chumbani kwake namkuta kajifungia na kitabu kinene cha mtumba, kakinunua kwa mtu aliyemhakikishia kwamba ndicho chenyewe. Nikakifungua. Shoga, kile kitabu ni cha kabla ya 2016! Kina yale maswali ya zamani ya sentensi moja iliyopigwa mistari chini, utafute kosa liko A, B, C, D, au E kwamba hakuna kosa. Mtihani wa namna hiyo haupo tena. Kibaya zaidi, kimemfundisha kuwa jibu la kosa linakatwa robo alama, kwa hiyo akiwa na shaka aache wazi. Kukatwa alama kuliondolewa 2016! Mtoto alikuwa anajizoeza kuacha maswali wazi, na siku hizi kuacha swali wazi ni kutupa alama bure. Nimekificha juu ya kabati la mama, na akikuuliza usimwambie.

Sasa hivi mtihani wenyewe unafanywa kwenye kompyuta. Kwetu sisi wa nje ya Marekani ulihamia huko 2023. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54, yamegawanywa mafungu mawili ya 27, kila fungu dakika 32. Ukifanya vizuri fungu la kwanza, la pili linakuja gumu zaidi, na huko ndiko kwenye alama za juu. Maswali ya sarufi ya Kiingereza ni kama robo ya hayo yote. Unapewa kifungu kifupi chenye pengo, majibu manne, uchague lipi likae pale.

Na hapo ndipo mtoto wetu anapoangukia. Kwa mitihani ya huku hana shida kabisa. Mwambie aandike sentensi upya aanze na "No sooner", anakuandikia akiwa anakula. Lakini kwenye hii anachagua kwa sikio. Namuuliza kwa nini hili, ananiambia, "Shangazi, linasikika vizuri." Linasikika vizuri kwa sikio la nani? Nyumbani hapa tunaongea Kiswahili, na bibi yake Kimakonde. Mtoto wa Chicago sikio lake limeisikia hiyo lugha tangu mimba. La kwetu limeisikia darasani, mara nyingi kwa mwalimu ambaye naye kaisikia darasani. Naumia sana watoto wetu wanapoambiwa "soma tu kwa sauti utasikia kosa". Hawatalisikia, na si kwa kukosa akili.

Nikamtungia swali la kwetu kwetu. "Leaving Mikindani in 1866," halafu pengo. Majibu: "Livingstone's journey took him towards the Rovuma", au "the Rovuma was where Livingstone headed", au "Livingstone headed towards the Rovuma", au "it was towards the Rovuma that Livingstone headed". Kachagua la kwanza bila kusita. Jina la Livingstone limekaa palepale baada ya koma, kaona yametimia.

Nikamwambia haya, niambie kwa Kiswahili, aliyeondoka Mikindani ni nani. Usiniambie "kuondoka" hivihivi, kitenzi changu nakitaka na kiambishi chake. Akaanza: "Ikiondoka Mikindani, safari ya Livingstone..." akanyamaza. La pili: "Ukiondoka Mikindani, mto Ruvuma..." Shoga, alicheka mpaka Mama Mkubwa akaja kuuliza kuna nini. La tatu: "Akiondoka Mikindani, Livingstone..." Basi, kalipata mwenyewe.

Unaona ninachokisema? Kitenzi chetu hakitembei bila mwenyewe. Ni-, a-, li-, u-, mtendaji yumo mlemle. Hiyo "Leaving" ya Kiingereza imekuja peke yake, kwa hiyo inamdandia yeyote anayeifuata baada ya koma, awe mtu, mto au safari. Watunga mtihani wanalijua hilo, ndiyo maana wanakuwekea "Livingstone's" ili jicho lione mtu kumbe aliyesimama pale ni safari. Mtoto aliyelelewa na Kiswahili ana kipimo cha kuwakamatia, ila hajawahi kuambiwa akitumie. Shuleni akiongea Kiswahili walikuwa wanamvisha kibao shingoni!

Tukaendelea. "The price of cashew nuts from the farms around Newala have risen." Yeye anaona "nuts", anaona "farms", anasema "have" sawa. Nikamwambia sema: bei ya korosho za mashamba ya Newala... "Imepanda," kadakia kabla sijamaliza. Mbona hukusema zimepanda, wala yamepanda? Kaniangalia. Basi na hapo ni "has", ndugu yangu, kilichopanda ni bei.

Na ile ya kulinganisha, "Mtwara's harvest is larger than Lindi". Mavuno yamelinganishwa na mkoa mzima! Sisi tunasema "kuliko ya Lindi", hiyo "ya" hatuidondoshi, na kwa Kiingereza pale unatakiwa uweke "that of Lindi" au "Lindi's". Sasa kila sentensi anaiuliza kwanza: nani kafanya, kipi kinalinganishwa na kipi. Majibu yasiyofaa yanajiondoa yenyewe.

Yapo ambayo Kiswahili hakimsaidii, sikufichi. Koma na nukta mkato zinamtesa. Anaunga sentensi mbili kamili kwa koma tupu kama tunavyoandikiana sisi, na wale hawalikubali kabisa. Hilo nimemwambia akariri tu, kisha afanye mazoezi ya mtandaoni ya Khan Academy, ni ya bure na ni ya mtihani wa sasa. Lakini anafanyia kwenye simu, na ndipo ninapokuja kwako.

Mtihani wenyewe simu haikubaliki. Unafanyiwa kwenye programu inaitwa Bluebook, na hiyo inataka laptopu au iPad. Hapa nyumbani hakuna. Ya kaka ilikufa na kuzikwa. Naomba ile ya kwako, shoga, na naomba mtoto aje kwako huko Dar mapema kabla ya siku yenyewe, maana programu inatakiwa iwekwe na kuandaliwa siku kadhaa kabla, na ndani yake mna mitihani kamili ya majaribio. Afanye angalau mmoja kwa saa zake zote, asiguse simu. Intaneti isikutie wasiwasi sana. Inahitajika wakati wa kuanza na wa kutuma majibu, ikikatika katikati anaendelea tu. Chaji ndiyo muhimu. Pasipoti atakuja nayo, na korosho za kubangua nitamfungia, zile nyeupe unazozitaka wewe.

Sasa nijibu. Laptopu bado inashika chaji au ndiyo mpaka iwe kwenye umeme? Wageni wa shemeji wameshaondoka, chumba kipo? Kuna mtu wa kumpokea Rangi Tatu basi likiingia usiku? Na wewe jioni ukitoka kazini unaweza kukaa naye kidogo, umtungie sentensi, uwe unamuuliza tu "nani?" mpaka achoke? Yule dada wa ofisini kwenu aliyesoma nje bado yupo, naye anaweza kumwangalia upande wa koma? Nipigie kabla ya Ijumaa nikate tiketi, mabasi msimu huu wa korosho yanajaa upesi.

Shoga yako