Napoleon si wa kupigiwa picha amekufa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nikiwa baharia wa jahazi na sijawahi kukuandikia. Ila ile picha ya wiki iliyopita, vijana wamembeba Napoleon, yule samaki mkubwa wa mwambani, mabegani kama gunia la nazi, na maneno "neema ya bahari" chini yake, imenikera mpaka leo.

Neema gani? Mwenye nundu kubwa vile kichwani aghalabu ni dume, na huenda alianza maisha akiwa jike. Huchukua miaka 5 hadi 7 kabla ya kuzaa, na majike wengine hugeuka madume kwenye miaka 9 hivi. Tangu 2005 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, umetaka asiuzwe nchi za nje bila kibali. Mwandishi wako aliuliza bei ya kilo tu!

Kaskazi moja nililala dagoni, kambi ya wavuvi, na vijana wa kuzamia. Usiku wakashuka na tochi na bunduki za mshale. Mchana Napoleon humkaribii, lakini usiku hulala pangoni mwambani, hana pa kukimbilia. Walimpandisha bado anapumua. Nikammulika: midomo minene, mistari miwili myeusi nyuma ya jicho, na jicho lenyewe likizunguka polepole kunitazama. Ule ukijani wake ukafifia mbele yangu hadi akawa rangi ya majivu. Walipompasua, tumboni mlikuwa na vipande vya kiti cha pweza (nyota ya bahari) chenye miiba, kile kinachotafuna matumbawe hadi yakabaki meupe, na ambacho samaki wengi hawathubutu kukigusa. Nikawaambia, jamani, huyu ndiye aliyekuwa akitulindia mwamba. Wakanijibu, "Mzee, bahari haina mwenyewe."

Na wenye boti za watalii nao wasijitoe. Wanaleta wageni kumtazama samaki huyu huyu, kisha wanatupa nanga juu ya matumbawe anamolala. Boya moja la kufungia boti lingetosha.

Naomba kila diko, pale tunaposhushia samaki, liwe na ubao wa mita 2, achorwe Napoleon kwa ukubwa wake na mistari ya jicho ionekane. Mafundi wanaoandika majina ya mashua wataweza. Nawe, Mhariri, chapisha picha yake akiwa hai, ukurasa ule ule, ukubwa ule ule.

Mvuvi mstaafu,
Kilindoni, Mafia