Kumbukumbu za asbesto zitunzwe

Mhariri,

Saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na vumbi la asbesto huweza kujificha kwa miaka 20 hadi 50, hata mgonjwa anapogundua, mwajiri wake amekwisha kufunga kiwanda. Wachimbaji wa Afrika Kusini walioishtaki Cape, kampuni ya Uingereza iliyochimba asbesto huko, waliruhusiwa na Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, kusikilizwa Uingereza mwaka 2000, lakini makubaliano ya mwisho ya fidia yalifikiwa 2003, na baadhi yao, inasikitisha mno, walikuwa wameshafariki.

Hapa Kenya, ambako paa za asbesto bado zinabomolewa, waajiri walazimishwe kutunza kwa miaka 50 orodha za wafanyakazi na vipimo vya vumbi, kwani bila hizo mgonjwa atashindwa kuthibitisha mahakamani alikolivuta.

Msomaji,
Mombasa